Kutafuta Kazi na Amana ya Kumsemea Mtu

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha kuna swali moja tunaloulizwa mara nyingi kuliko maswali ya tohara na ya mirathi. Kijana hungoja wenzake watoke, kisha husogea karibu akasema: "Sheikh, niombee dua nipate kazi." Nami humuombea, kwani dua ni ibada. Lakini nikisha kumuombea humuuliza: "Umemwambia nani kuwa watafuta kazi?" Na jawabu lake karibu siku zote ni moja: "Nimewaambia wenzangu wa barazani." Na hao wenzake wa barazani ni nani? Ni vijana wanne watano waliosoma naye chuo kimoja na skuli moja, wakaao naye mtaa mmoja, na wote pia hawana kazi.

Jambo hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wako wazee wetu wasemao kuwa vijana wa leo ni wavivu. Baadhi yao ni wavivu, hatukatai. Lakini mzee aliyeingia bandarini zamani kwa kushikwa mkono na ami yake asimhukumu kijana wa leo ambaye ami yake mwenyewe yuko nyumbani. Mji wetu wa Mombasa umeishi kwa bandari yake, na milango tuliyoizoea imebadilika. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2018 ikaanza kubeba makontena. Serikali ikataka mizigo ipande reli ikatolewe bara, na mwaka 2019 watu wa mji huu wakaingia barabarani kulalamika, kwani malori yalisimama, na pamoja na malori wakasimama madereva, mataniboi, mafundi wa magari, na wapishi wa mikahawa ya njiani. Mwaka 2022 serikali mpya ilipoingia ikatangaza kurudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo. Lakini mtu aliyekwisha kuuza lori lake halirudi kwa tangazo. Basi tunaposema na kijana asiyekuwa na kazi, tuseme naye kama mtu aliyefikwa na jambo, si kama mkosaji.

Wako wanaosema: riziki imeandikwa, kwa nini kuhangaika? Kweli imeandikwa. Lakini Tirmidhi amepokea kutoka kwa Sayyidna Umar ya kuwa Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba lau tungalimtegemea Mwenyezi Mungu kwa haki ya kumtegemea, angaliturzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba. Watu huishika hadithi hii kwa mwisho wake, wakauacha mwanzo. Ndege ametoka! Hakukaa kiotani akingojea kuletewa. Na katika Suratul Mulk, Aya ya 15, tumeamrishwa tutembee katika pande za ardhi na tule katika riziki yake. Na katika Suratul Jumua, Aya ya 10, tukaamrishwa kwamba sala ikisha tutawanyike tutafute fadhila zake. Kutawanyika ni kwenda huku na huku. Watu mia wakitoka mlango mmoja wakaenda kuketi baraza moja, hao hawakutawanyika.

Ama wanaokwenda kwa mganga kuandikiwa kombe, au kufungiwa hirizi yenye jina la mkubwa wa ofisi na jina la mama yake, hao hatuna haja ya kurefusha maneno juu yao. Tumekwisha kuyasema katika kurasa hizi mara nyingi. Pesa apewazo mganga zingetosha nauli ya mwezi mzima ya kwenda kutafuta.

Sasa tuitazame hiyo baraza. Mimi si adui wa baraza. Nimelelewa barazani, na elimu nyingi ya mji huu imepita hapo pamoja na kahawa. Lakini watu wa baraza moja khabari zao ni moja. Ajualo Fulani ndilo alijualo mwenzake, kwa sababu wote wamelisikia kwa mtu mmoja. Ukitaka khabari usiyokuwa nayo, yakupasa umwendee mtu asiyeketi nawe kila siku. Na hili wasiokuwa Waislamu wamelichungua kwa hesabu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao, akaandika aliyoyaona mwaka 1973 na 1974. Aliona kwamba katika waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemjua, kiasi cha 17 tu katika kila mia waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Waliobaki wote waliambiwa na watu wanaoonana nao mara moja moja, au kwa nadra: mtu aliyefanya naye kazi zamani, rafiki wa rafiki, mtu waliyekutana naye safarini. Yaani kheri ilitoka kwa mtu wa mbali kuliko kwa mtu wa ubavuni.

Nilipoyasoma hayo nikakumbuka waliyoyasema wanavyuoni wetu karne nyingi kabla ya huyo katika kueleza hikima ya jamaa. Sala tano hukutanisha watu wa mtaa. Ijumaa hukutanisha watu wa mitaa mingi. Idi mbili hukutanisha mji mzima kiwanjani. Na Hija hukutanisha ulimwengu, na katika Suratul Baqara, Aya ya 198, Mwenyezi Mungu amewaondolea mahujaji dhambi ya kutafuta fadhila za Mola wao katika msimu ule, na wafasiri wameeleza kuwa makusudio ni biashara. Kila mkutano ni mpana kuliko uliotangulia, na katika kila mmoja utamkuta mtu usiyemkuta katika ule mdogo. Lakini sisi twafanyaje? Twasali Ijumaa bega kwa bega na mtu mwaka mzima wala hatujui jina lake. Imamu akisha kutoa salamu, kila mtu akimbilia viatu vyake kama kwamba msikiti unawaka moto. Huenda huyo aliyekuwa kuliani kwako ana karakana Changamwe, na ametoka asubuhi akisema na mkewe kuwa hapati kijana wa kumtumainia.

Na kuunga udugu ni hivyo hivyo. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas, ya kwamba apendaye kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake basi na aunge udugu. Twaisoma hadithi hii tukadhani kuwa ni ahadi ya ghaibu tu. Ni ya ghaibu, naam. Lakini Mwenyezi Mungu hutimiza ahadi zake kwa sababu alizoziumba, na moja katika sababu ni hii: shangazi yako aliyeko Malindi, ambaye hukumwona tangu maziko ya babu, mkwewe ameajiri mafundi sita, nawe hujui, na yeye hajui kuwa wewe umejifunza umeme. Nenda ukamwamkie. Usiende kwa ajili ya kazi; nenda kwa kuwa ni shangazi yako, ukae, umsikilize magonjwa yake, na akikuuliza wafanya nini umwambie kweli bila ya kuona haya. Mtu anayekumbuka jamaa siku ya shida tu, jamaa humjua kwa hodi yake.

Nasema bila ya kuona haya kwa sababu nimewaona vijana wanaoficha kuwa hawana kazi kana kwamba ni aibu, na wengine wanaochagua kazi kwa ukoo: hii ni ya kiungwana, hii si ya kiungwana. Nabii Daud alikula katika kazi ya mkono wake, na Nabii Zakariya alikuwa seremala. Hayo yametosha.

Nilipofika hapa naona sitakuwa mwadilifu nikiwalaumu vijana peke yao. Nina jambo langu mwenyewe la kusimulia, nalo si la kunipa sifa.

Miaka kadhaa nyuma alinijia kijana niliyemsomesha tangu alifu na bee. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, kisha akajifunza kuandika hesabu za biashara. Alinipa bahasha yenye vyeti vyake na barua ya maombi, kwa kuwa alijua nina mazoea na mtu mmoja mwenye ghala la bidhaa, ambaye mimi ndimi niliyewaozesha binti zake. Akaniomba nimsemee. Nikaipokea bahasha nikamwambia: "Inshallah, wiki hii." Na neno hili tukufu, ndugu zangu, siku ile nililitumia vibaya. Nililitumia kufungia mazungumzo. Nikaitia bahasha ndani ya juzuu ya tafsiri iliyokuwa mbele yangu, nikairudisha juzuu rafuni, nikasahau.

Katika miezi iliyofuata nilionana na yule mwenye ghala mara tatu: harusini, mazikoni, na nyumbani kwake tulipofuturu. Tulizungumza kila kitu. Mama wa yule kijana alikuwa akiniletea salamu kila Ijumaa kwa mtoto mdogo, wala hakunikumbusha hata siku moja, kwa haya na kwa heshima aliyonipa. Baada ya miezi minane nikafungua juzuu ile kutafuta jambo, bahasha ikanidondokea mapajani. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Jioni ile ile nikaenda ghalani. Yule mtu akanambia: "Sheikh, nimetafuta mtu wa hesabu miezi miwili mizima. Nikamchukua mtu nisiyemjua asili wala fasili, kwa kuwa sikupata wa kuniambia."

Basi kazi ilikuwapo, na mfanyi kazi alikuwapo, na baina yao palikuwa na mtu mmoja tu awajuaye wote wawili, naye alikuwa mimi, nimelala.

Mmesoma Suratu Yusuf. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliwafasiria ndoto wenziwe wawili gerezani, akamwambia yule aliyedhani ataokoka kwamba amtaje mbele ya bwana wake. Shetani akamsahaulisha, na Yusuf akakaa gerezani miaka kadhaa. Wako wafasiri waliosema kuwa aliyesahau ni Yusuf mwenyewe, alisahau kumtaja Mola wake. Lakini kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba aliyesahau ni yule mnyweshaji wa mfalme, kwani baadaye, katika Aya ya 45, ndiye asemwaye kuwa alikumbuka baada ya muda. Nimeisomesha kisa hiki zaidi ya mara kumi. Kila mara nilikuwa nikimlaumu yule mnyweshaji, wala sikuwahi kufikiri kuwa mimi ni yeye.

Nikamwendea kijana kumtaka radhi. Sikumkuta nyumbani, nikaambiwa yuko Kongowea. Na hapa ndipo nilipojifunza kwa mwanafunzi wangu.

Wanaolijua soko la Kongowea wanajua kuwa malori ya viazi, vitunguu na kabeji huingia usiku kutoka bara na Tanzania, na kabla ya jua kupanda mali imekwisha kugawanywa kwa wachuuzi, nyingi yake kwa mkopo. Yule kijana, alipoona siku zapita na mimi sisemi kitu, alianza kwenda sokoni baada ya Alfajiri, mara nyengine kumsaidia mjomba wake kubeba, mara nyengine kutazama tu. Akamwona mfanyabiashara mmoja wa viazi, mtu wa bara, asiyekuwa Mwislamu, ambaye madeni yake yote aliyaandika juu ya vipande vya katoni, na kila siku akigombana na mtu. Kijana hakumwomba kazi. Alimwambia: "Nipe katoni zako hizo siku saba, nikuandikie daftari ujue nani akudai na nani wamdai. Ukiona halikufai, hukunidai wala sikukudai." Yule mtu akacheka, akampa. Kabla ya siku saba kwisha ikadhihirika kuwa kuna nauli ya lori iliyolipwa mara mbili. Akaajiriwa. Kisha huyo mwenye viazi akawaambia wenzake, na nilipokwenda mimi, kijana alikuwa ameketi juu ya gunia akiandika hesabu za watu watatu.

Nilimtaka radhi. Akasema ameshasamehe. Kisha akanambia neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Sheikh, mimi nilidhani umenipima ukaona sifai, ukaona haya kunambia."

Lahaula! Miezi minane kijana huyu alilala na kuamka na hukumu ambayo mimi sikuitoa. Enyi mnaoombwa kuwasemea watu, mkiwa hamwezi, semeni hamwezi, siku ile ile, kwa maneno mazuri. Anyamaziwaye huona amehukumiwa.

Alilolifanya yule kijana sokoni lina asili katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Qasas, Nabii Musa, amani imshukie, alifika Madyan mkimbizi, hana mali, hana jamaa, hana amjuaye. Akawakuta watu kisimani wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamejitenga wakiwazuia wanyama wao, kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea. Hakuuliza ujira. Kisha akarudi kivulini akamlalamikia Mola wake kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Tazameni mpango wake: kazi kwanza, na dua baada yake, na baina ya hayo mawili hakuna kumwomba mtu kitu. Haukupita muda akajiwa na mmoja wa wale wanawake, akitembea kwa haya, akaitwa na baba yao. Na mmoja wao akamwambia baba yake amuajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wakaagana miaka minane, na kama atatimiza kumi ni kwa hiari yake.

Aliyemsemea Musa alikuwa msichana. Na alimsemea kwa alilolishuhudia kwa macho yake, kwani alimwona akifanya. Nasema hivi kwa ajili ya baba zetu wanaodhani kuwa binti zao hawana rai katika mambo ya kazi, na pia kwa ajili ya binti zetu wanaotafuta kazi za halali na za stara: milango hii ni yao pia, na shangazi na mama wakubwa wana khabari nyingi kuliko zilizoko mabarazani.

Pengine msomaji ataona uzito kwamba kijana wetu alimwendea asiyekuwa Mwislamu, mtu wa kuja. Uzito huu nausikia sana katika mji huu, nao umetufungia milango mingi. Katika Bukhari imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) na Abubakari, usiku wa Hijra, usiku ambao makureshi walikuwa wakiwatafuta kuwaua, walimuajiri mtu wa kabila la Bani Dil awaongoze njia, naye alikuwa bado katika dini ya makureshi. Watu wa sira humwita Abdullahi bin Uraiqit. Walimchukua kwa sababu alikuwa bingwa wa njia na walimwamini, wakampa ngamia wao, wakaagana naye kukutana baada ya siku tatu kwenye pango la Thaur. Ikiwa safari iliyo kubwa kuliko zote katika tarehe ya Uislamu iliongozwa kwa ujira na mtu asiyekuwa Mwislamu, vipi wewe utaona tabu kufanya kazi ya halali na mwenye viazi?

Sasa narudi kwa wenye sauti: wenye maduka, wenye maghala, makarani wa ofisi za serikali na za kaunti, walimu, na sisi wenye vilemba. Kumsemea mtu katika lugha ya sharia huitwa shufaa. Katika Suratun Nisaa, Aya ya 85, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa mwenye kushufaia shufaa njema atapata fungu lake katika kheri hiyo, na mwenye kushufaia shufaa mbaya atapata sehemu yake ya mzigo. Na Abu Musa amepokea, imo katika Bukhari, ya kuwa Mtume (S.A.W.) akijiwa na mwenye haja alikuwa akiwaamrisha Masahaba wamsemee ili wapate thawabu, na Mwenyezi Mungu ahukumu atakalo kwa ulimi wa Mtume wake. Maana yake ni kwamba thawabu ya msemaji haingoji kazi ipatikane. Wewe sema, kukubaliwa si juu yako.

Lakini shufaa ina mipaka, na mipaka hii ndiyo tuliyoivunja. Wa kwanza ni ukweli. Fatma binti Qais alipomtaka shauri Mtume (S.A.W.) juu ya watu waliomposa, alimwambia wazi upungufu wao, kuwa mmoja ni maskini asiye na mali, na mwengine fimbo yake haiondoki begani. Imo katika Muslim. Basi ukiulizwa, "Huyu ni mwaminifu?", na wewe wajua alikula pesa za mwajiri wa kwanza, usimpake mafuta. Ukimficha, utakuwa umemdhulumu mwenye duka, na kesho ukimleta kijana mwema hutasadikiwa. Kijana huyo naye utakuwa umemdhulumu hali hujamjua.

Kisha ni kumweka anayefaa. Amri ya kupeleka amana kwa wenyewe imo katika Sura hiyo hiyo, Aya ya 58, na katika Bukhari, kutoka kwa Abu Huraira, kumpa jambo asiyekuwa mstahiki wake kumehesabiwa kuwa ni kupotea kwa amana na dalili ya Kiyama. Mpwa wako asiyejua kusoma mita, ukimpitisha mbele ya mtoto wa jirani aliyejifunza miaka miwili, hukuunga udugu. Umeiba nafasi ya mtu ukampa zawadi mpwa wako.

Na hapa tufike kwenye donda. Kuna watu katika mji huu, na baadhi yao twasali nao safu moja, wasiofungua midomo kumsemea mtoto wa maskini illa kwa "chai". Mshahara wa mwezi wa kwanza, au wa miezi miwili, hulipwa kabla kazi haijapatikana, na mama wa watu huuza bangili yake. Wakiulizwa husema: hii si rushwa, ni ahsante. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abu Umama kwamba mwenye kumsemea ndugu yake, kisha akapewa zawadi kwa ajili hiyo akaikubali, ameujia mlango mkubwa katika milango ya riba. Zawadi hiyo hata haikuombwa. Sembuse iliyotajwa bei? Na mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa kwa ulimi wa Mtume (S.A.W.). Kijana atakayelipa ajue kuwa mshahara wake utaanza na doa, na ajue vile vile kuwa aliyeuza nafasi mara moja ataiuza tena kwa mwenye kuzidisha.

Walio wabaya zaidi ni mawakala wa uwongo wanaowaahidi vijana wetu, na khasa wasichana wetu, kazi za Ghuba. Safari ya kutafuta riziki katika nchi za Waarabu si haramu, na babu zetu wamekwenda na kurudi kwa misimu ya kaskazi na kusi. Lakini msimpe mtu pasipoti wala shilingi kwa sababu tu ya kuwa ana ndevu na anatoa salamu kwa ufasaha. Kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mawakala wa kazi hutakiwa wasajiliwe. Ulizeni kwanza kama jina lake limo. Kisha mtafuteni mtu aliyerudi kutoka huko kwa wakala huyo huyo, mkae naye, awaeleze aliyoyaona. Asipopatikana hata mmoja aliyerudi akamsifu, jawabu mmekwisha kulipata.

Tulipoyazungumza haya katika darsa, mzee mmoja mwenye duka la vyuma akasema: "Sheikh, maneno tumeyasikia, lakini mimi nitamjuaje anayetafuta, na yeye atanijuaje mimi?" Tukaona amesema kweli. Kwa hivyo tumeweka daftari mbili. Ziko kwa muadhini, karibu na mlango wa udhuni. Katika moja huandika mwenye kutafuta kazi: jina, mtaa, alilojifunza, aliyepata kufanya naye kazi hata kama ni kwa siku chache, na jambo moja alilo tayari kulifanya bila ya ujira ili watu wamwone. Wanawake huandikiwa na mwalimu wa kike wa chuo, naye huleta majina yao. Katika ya pili huandika mwenye nafasi ya kazi, au aliyesikia khabari ya nafasi, hata kama haimhusu, hata kama ni Voi au Lamu. Kila Alkhamisi baada ya Isha watu watatu wa darsa huzikutanisha, na aliyeandikwa hupata jawabu kabla ya Ijumaa ya pili, iwe ipo au haipo. Hapachukuliwi senti. Mwenye kuleta zawadi atarudishiwa.

Yule mwenye ghala ameandika nafasi moja wiki iliyopita, ya kijana wa kupokea mali mlangoni na kuhesabu. Anataka mtu ajuaye kuandika vizuri na asiyechelewa asubuhi. Bado haijapata mtu.